Kukauka Si Kuiva

Katika kazi ya kuchapa fulana yapo maneno mawili ambayo mteja huyadhani kuwa ni kitu kimoja, na fundi mchanga vilevile, mpaka siku yatakapomtia aibu. Maneno hayo ni kukauka na kuiva. Wino uliokauka ni ule ambao ukiugusa kwa kidole hauchafui. Wino ulioiva ni ule ambao ukiufua hautoki. Ukiziweka fulana mbili mezani, moja imekauka tu na nyingine imeiva, huwezi kuzitambua kwa macho. Zote zinapendeza, zote zinakunjika, zote zinauzika. Kinachozitofautisha ni maji na sabuni, na hayo hukutana na fulana nyumbani kwa mnunuzi, wakati fundi hayupo.

Kwa miaka mingi jambo hili limenitia katika swali ambalo naona si la wino peke yake. Mtu akiuza kitu ambacho hakuhakikisha uzima wake, kisha akanyamaza, je, amesema uongo? Hakutamka neno lolote la uongo. Hakuapa. Alipokea fedha na kutoa bidhaa. Uongo uko wapi?

Kabla sijajaribu kujibu, naomba msomaji aniruhusu nieleze kazi yenyewe kidogo, kwa kuwa swali limezaliwa humo.

Wino wa maji si maji yaliyotiwa rangi kama wengi wanavyofikiri. Kwanza ipo pigimenti, yaani chembe ndogo mno za rangi ambazo zenyewe hazina uwezo wa kushikamana na kitambaa. Pili ipo binda, ute mweupe unaofanana na maziwa mazito, ambamo zinaelea chembe laini za jamii ya plastiki. Kazi ya binda ni kuishika pigimenti na kuifunga kwenye pamba. Tatu ni maji yanayovibeba vyote, pamoja na dawa ya kuongeza uzito ili wino usitiririke. Mchanganyiko huo humwagwa juu ya wavu uliobanwa kwenye fremu. Sehemu za wavu zisizotakiwa kupitisha wino zimezibwa kwa dawa iliyogandishwa kwa mwanga. Fundi huvuta wino kwa raba, nao hupenya kwenye matundu na kunywewa na kitambaa kilichoko chini.

Maji yakishaondoka, wino umekauka. Lakini chembe za binda bado zimekaa jirani tu, hazijaungana. Ili ziyeyukiane, zishikane na kuzikumbatia nyuzi za pamba, zinahitaji joto. Kwa wino mwingi wa aina hii ni joto la sentigredi 150 hadi 160 hivi, kwa muda wa dakika mbili au tatu. Na hapo pana mtego. Kitambaa chenye unyevu hakikubali kupanda joto sana kupita sentigredi 100, maana maji hulila joto lote yakijigeuza mvuke. Joto la kuivisha huanza kazi yake baada ya maji kwisha. Fundi anayepitisha pasi upesi upesi hutumia joto lake lote kufukuza maji, akaona fulana imekauka, akadhani kazi imekwisha kumbe ndiyo kwanza ilikuwa ianze.

Upo na mtego wa pili, wa kwenye kopo la kuchanganyia. Binda hubeba pigimenti kwa kipimo. Kwa kawaida gramu 100 za binda haziongezwi zaidi ya gramu 10 hivi za pigimenti, na kila mtengenezaji hutaja kikomo chake. Rangi ikionekana hafifu, mkono huwasha kuongeza pigimenti kidogo, na kidogo tena. Rangi hukoza kweli. Lakini kila chembe inayozidi kipimo ni chembe isiyo na wa kuishika. Ndiyo maana mwalimu wangu wa kazi aliweka mizani mezani na daftari kando yake, na hakuruhusu mtu achanganye kwa kukadiria.

Sasa nieleze kosa langu. Ilikuwa mwaka 2008, mwezi wa Aprili, mjini Tanga, masika yamepamba moto. Nilikuwa nimefanya kazi kwa yule mzee kwa karibu miaka miwili, naye alikuwa amesafiri kwenda kwao Pangani, akaniachia karakana. Akaja dada mmoja, umri wa miaka ishirini na kitu, na picha ya mama yake. Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja uliopita, na familia ilitaka fulana nyeupe 40 kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu siku ya Jumamosi. Uso wa marehemu uwe kifuani, kwa wino mweusi, na chini yake jina na miaka miwili: aliozaliwa na aliofariki.

Kuchapa uso ni kazi ya nukta. Picha huvunjwa kuwa nukta ndogo na kubwa, nyingi penye kivuli na chache penye mwanga, na jicho la mtazamaji ndilo huziunganisha likaona shavu, kipaji na tabasamu. Nilizichapa Ijumaa mchana. Ile nyeusi niliiona imefifia, uso umekuwa wa kijivu, nikaongeza pigimenti bila kuigusa mizani. Ikapendeza. Jioni nikaanza kupiga pasi, moja baada ya nyingine, karatasi katikati. Nilikuwa nimemaliza fulana 15 umeme ulipokatika. Nikawasha pasi ya mkaa. Hewa ilikuwa nzito kwa unyevu, fulana zilikuwa hazijakauka sawasawa, usiku unaingia, na dada yule angekuja saa moja asubuhi. Kila fulana niliipa sekunde chache tu. Nilizigusa kwa kidole: kavu. Nikazikunja, nikalala.

Asubuhi alikuja. Alifungua moja, akautazama uso wa mama yake kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Umemtoa vizuri, fundi. Mungu akubariki." Alilipa salio, akaondoka. Nakiri kwamba wakati ule moyoni palikuwa na jambo dogo lililokuwa likinikwaruza. Nililijua jina lake. Sikuliita.

Baada ya majuma matatu alirudi. Sikuzote mteja mwenye malalamiko huanza kugomba akiwa bado mlangoni, na mtu huandaa maneno ya kujitetea. Huyu hakugomba. Alitoa fulana kwenye mfuko, akaitandaza mezani. Jina lilikuwa limebaki nusu. Penye uso palikuwa na wingu la kijivu. Alisema, "Fundi, mama amefutika." Kisha akasema mdogo wake wa kiume, mwanafunzi wa darasa la sita, alipoona hivyo aliichukua fulana yake akaificha chini ya godoro, na hataki mtu aiguse, wala haivai tena.

Yule mzee alikuwa amesharejea, naye alikuwa ameketi pale pale. Alimwomba dada radhi, akamwambia fulana zote zitachapwa upya bila malipo. Alipoondoka, mzee hakunipigia kelele. Aliniuliza neno moja, "Ulijua?"

Nikajibu, "Sikujua, Mzee."

Akaniuliza, "Ndoo ilikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Ndoo ilikuwa palepale ilipo siku zote, nyuma ya mlango, imejaa maji ya mvua. Sabuni ilikuwapo. Kuifua fulana moja kungenichukua robo saa. Sikuifua, na sababu haikuwa kukosa nafasi. Sikuifua kwa kuwa niliogopa itakachonionyesha. Ningeifua ingetoka, na ikitoka ningelazimika kuchagua kati ya kukesha nikipiga pasi ya mkaa upya, na kumwambia mteja asubuhi kwamba kazi yake haijawa tayari. Bila kuifua niliweza kujiambia kwamba huenda imeiva. Na neno hilo "huenda" ndilo nililolala nalo.

Hapa ndipo ninapoona jibu la swali letu limejificha. Tumezoea kugawa watu mafungu mawili: anayejua na kudanganya, na asiyejua na kukosea. Wa kwanza tunamlaumu, wa pili tunamsamehe. Lakini lipo fungu la tatu, nalo naamini ndilo kubwa kuliko yote mawili. Ni fungu la asiyejua kwa sababu hakutaka kujua. Ujinga wake hakuupata kwa bahati mbaya. Aliutengeneza kwa mikono yake, kama anavyotengeneza bidhaa. Mtu huyu akisema "sikujua" anasema kweli. Na bado amedanganya, kwa kuwa mnunuzi alipotoa fedha aliamini kwamba fundi amekwisha kujua. Mnunuzi hawezi kuivisha wino, wala hawezi kuupima dukani. Hilo ndilo analolipia. Fundi anayeuza kile asichokihakikisha anauza pamoja nacho uhakika ambao hanao.

Mawazo haya si yangu wa kwanza. Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza, William Kingdon Clifford, aliandika insha juu ya maadili ya kuamini. Humo anatoa mfano wa mwenye meli aliyekuwa na shaka kwamba chombo chake kimechakaa. Badala ya kukikagua, aliituliza shaka yake kwa kujikumbusha safari zote ambazo meli ile ilikwisha kurudi salama, mpaka akaamini kwa moyo mweupe kwamba ni nzima. Ikaondoka na wahamiaji, ikazama, naye akapokea fedha za bima. Clifford anasema mtu yule ana hatia ya vifo vile, hata kama aliamini kweli, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini hivyo. Tena anaongeza kwamba hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ileile, isingeonekana tu.

Nilipoisoma insha hiyo miaka mingi baadaye, niliziona fulana zangu 40. Zile 15 za mwanzo, zilizopata pasi ya umeme, baadhi yake hazikutoka sana. Je, kwa hizo sikukosea? Nilikuwa nikijifariji hivyo. Sasa naona kwamba kwa hizo nilibahatika tu, na bahati haimfanyi mtu mwaminifu.

Mwalimu wangu hakuwa na habari za Clifford, lakini alikuwa na mfano wake kutoka kwenye mapokeo aliyolelewa nayo. Imesimuliwa katika hadithi kwamba Mtume Muhammad alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akaeleza kwamba chakula kilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakukiweka juu kile kilicholowa, ili watu wakione. Mzee alipenda sana kisa hiki kwa sababu, alisema, muuzaji yule hakuambiwa asiuze chakula kilicholowa. Alilaumiwa kwa mpangilio wa lundo: kavu juu, bichi chini. "Kama fulana zako," aliniambia.

Najua yapo ya kupinga, na si haki kuyaruka. Mmoja atasema, mteja mwenyewe alitaka haraka, na haraka haraka haina baraka. Mzigo wa haraka na aubebe yeye. Ni kweli mteja alitaka haraka. Lakini hakujua haraka inagharimu nini, mimi nilijua. Kama ningemwambia, "Dada, umeme ulikatika, sina hakika kama zimeiva, zivaeni kesho, kisha mniletee nizipige pasi tena kabla hazijafuliwa," angeamua mwenyewe. Huenda angekubali. Huenda fulana zote zingepona. Nilichomnyima si wino mzuri tu. Nilimnyima nafasi ya kuchagua, na nafasi hiyo ilikuwa mali yake.

Mwingine atasema zipo fulana za siku moja tu. Tangu uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995, wachapaji wengi nchini Tanzania wamechapa fulana za kampeni, na wapo wanaosema fulana ya kampeni ikifika siku ya kura imetimiza kazi yake. Mimi nimeziona fulana za namna hiyo zikivaliwa shambani miaka mitano baadaye, sura ya mgombea imepauka lakini ipo. Fundi hajui fulana yake itaishi siku ngapi, wala itapendwa na nani. Aliyejua kwamba mtoto wa darasa la sita angeificha moja chini ya godoro ni nani?

Wa tatu, na huyu ana hoja nzito zaidi, atasema kwamba haiwezekani kuhakikisha kila kitu. Karakana ndogo haina maabara. Mtu akisubiri uhakika kamili hatauza hata kitambaa cha kufutia. Hapo nakubali, lakini kwa kiasi. Wajibu wa kujua unapimwa kwa bei ya kujua. Kama ili nijue ingenibidi ninunue mashine nisiyoimudu, ningekuwa na udhuru, ilimradi niseme wazi kwamba sijui. Lakini bei ya kujua ilikuwa ndoo ya maji, kipande cha sabuni na fulana moja. Ujinga ambao ndoo moja ingeuondoa hauna udhuru. Na ninapoangalia maisha nje ya karakana, naona kwamba mambo mengi tunayodai hatuyajui yana bei ya ndoo moja. Swali moja kwa jirani. Barua moja kufunguliwa. Hatua chache hadi chumba cha mgonjwa.

Kanuni hiyo, ukishaikubali, haikuachi mlangoni. Wino wa maji unasifiwa kuwa ni safi kwa sababu fremu zake huoshwa kwa maji, bila mafuta makali. Ni kweli hauna ukali ule. Lakini kinachooshwa ni binda na pigimenti, navyo haviyeyuki vikatoweka. Vinakwenda na mfereji hadi mahali ambapo sipo. Kwa hiyo siku hizi nakwangua wino uliobaki na kuurudisha koponi kabla ya kuosha, na masalio yaliyoganda nayatupa pamoja na taka kavu.

Tulizichapa upya. Kwa agizo la mzee niliinunua pamba kwa ujira wangu mwenyewe, nikapima wino kwa mizani mbele yake, nikasubiri kila fulana ikauke kabisa kabla ya kupigwa pasi, kisha nikaipa muda wake. Fulana ya arobaini na moja niliifua mara tatu, nikaianika, nikamwonyesha. Uso ulikuwapo. Dada alipokuja kuzichukua alishukuru, nami nikamshukuru. Lakini alisema neno ambalo sijalisahau: kwamba mdogo wake ameikataa ile mpya. Anaitaka ile ya kwanza, aliyoivaa siku ya ibada, ile iliyoko chini ya godoro. Kama ilikuwa mojawapo ya zile 15 au ya zile 25, sikuweza kujua. Nilichoweza kufanya ni kumwambia dada ukweli: akiileta nitaipiga pasi kwa makini bila kuifua, huenda ikashika, lakini siahidi, na aamue yeye na mdogo wake. Hakuileta. Nadhani kijana alikwisha jifunza kutoamini mikono ya fundi, na sikuwa na haki ya kumlaumu.

Mzee alikwisha kufariki, na karakana nyingine ninayo mimi. Katika kila kazi ninachapa fulana moja zaidi ya idadi ya mteja. Hiyo haiuzwi. Inafuliwa, inaanikwa kwenye kamba iliyo mbele ya mlango, mahali ambapo kila aingiaye anaiona. Vijana wanaojifunza kwangu hulalamika kwamba ni hasara, na kwa hesabu ya daftari ni hasara kweli. Wakinibana sana, nawaonyesha ndoo nyuma ya mlango, kisha nawaambia waendelee na kazi.